Hamkusema Waende Wapi

Chura wa kundi letu alikuwa mkubwa, wa rangi ya udongo, na alinikojolea kiganjani kabla sijamviringisha kitambaa. Ulikuwa mwaka 2010, muhula wa pili, katika maabara ya chuo ambacho sitakitaja, maana wengi waliokuwapo bado wapo, na hawakunikosea kuliko nilivyowakosea. Nilikuwa nasomea famasia. Mwongozo wa zoezi ulikuwa karatasi moja iliyotolewa fotokopi juu ya fotokopi hadi herufi zikavimba: inamisha kichwa cha chura kwa kidole cha shahada, tafuta kijishimo nyuma ya fuvu, ingiza sindano, zungusha, kisha ielekeze chini, iteremshe kwenye uti wa mgongo. Miguu ikinyooka halafu ikalegea, umeweza.

Wa kwangu hakulegea. Nikazungusha tena. Mwenzangu, kijana wa Pemba, alikuwa ananimulikia kwa tochi ya simu huku akisema, "Taratibu, dada, taratibu," kama anayemwelekeza dereva kurudisha gari nyuma. Mara ya tatu miguu ililegea. Tukamlaza kwenye ubao, tukambana pini miguu yote minne, tukafungua kifua. Moyo wake ulikuwa mdogo kama punje ya kunde, na ulikuwa unapiga kwa utulivu kabisa, kana kwamba habari za huko juu hazijaufikia.

Zoezi lenyewe lilikuwa hivi: unatia kindoana kwenye ncha ya moyo, uzi unapanda hadi kwenye kijiti chepesi, na ncha ya kijiti inachora kwenye pipa dogo linalozunguka, lililovishwa karatasi yenye masizi ya koroboi. Moyo ukipiga, kijiti kinapanda na kushuka, na mstari mweupe unabaki juu ya weusi. Ukidondosha asetilikolini, vilima vinaachana. Ukidondosha adrenalini, vilima vinabanana na kurefuka. Inapendeza kutazama, sikatai. Shida ni kwamba tulipomaliza kufunga uzi, moyo wetu ulikuwa umeshachoka. Ulipiga mara kumi na kitu, ukasimama.

Tukaomba mchoro kwa kundi la jirani. Usiku, tukiwa kwenye kimbweta tunanakili ripoti na vidole bado vyeusi kwa masizi, ikabainika kwamba jirani naye aliuomba kwa kundi la dirishani, na wa dirishani walikuwa na ripoti ya kaka yao wa mwaka uliotangulia. Karibu nusu ya darasa tulipata alama nzuri kwa moyo wa chura mmoja aliyekufa mwaka mzima kabla ya wa kwetu.

Kampeni yetu dhidi ya mazoezi hayo ilizaliwa pale kwenye kimbweta, ingawa sisi tulijidanganya kwamba ilizaliwa maabarani, kwa huruma.

Tulikuwa watatu: mimi, yule wa Pemba, na dada mmoja wa Bukoba aliyekuwa na kipaji cha kuandika barua za kiofisi. Tulianza kwa kuazima. Tulikwenda steshenari, tukapakua kwenye intaneti picha za kampeni za Ulaya, nyani mwenye nyaya kichwani na macho ya kusihi, tukazichapa kwa rangi zikiwa na maneno yake ya Kiingereza, tukazibandika mgahawani. Hadi saa saba mchana mtu alikuwa ameshaandika kwa kalamu chini ya bango la kwanza: "Na mishkaki je?" Chini ya la pili: "Huyu nyani anasoma kozi gani?"

Walikuwa na haki. Chuoni kwetu hakukuwa na nyani. Watu walimtafuta, wakamkosa, wakahitimisha kwamba tunaota. Yale mabango yalitoka kwenye ugomvi wa kweli, lakini wa kwingine. Chuo Kikuu cha Cambridge kiliachana na mpango wa kujenga maabara ya nyani Januari 2004 gharama zilipopanda. Cha Oxford kilishikilia: ujenzi wa jengo lake la wanyama wa utafiti ulisimama mwaka 2004 mkandarasi alipojitoa, ukaanza tena mwaka uliofuata, mafundi wakifanya kazi wamefunika nyuso, na jengo likafunguliwa 2008. Katikati ya hayo, mwaka 2006, kijana wa miaka 16, Laurie Pycroft, alianzisha kikundi cha kutetea majaribio, nacho kikaandamana barabarani kama walivyokuwa wakiandamana wapinzani. Sisi tuliazima mabango ya watu bila kuazima sababu zao. Vazi la kuazima halisitiri matako, nasi tulikuwa wazi kabisa.

Tukageukia kukusanya sahihi. Hapo yule wa Pemba alitusaidia kuliko picha zote. Hakuzungumzia haki za wanyama hata siku moja. Alikumbusha tu, baada ya sala ya Ijumaa, kisa ambacho kila mtu pale alikijua tangu madrasa, cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia. Wakristo nao walisikia, wakatafuta vyao. Karatasi ikaanza kujaa. Kisha uvumi ukatembea kwamba atakayetia sahihi atatafutwa kwenye alama za mazoezi. Sijui nani aliuanzisha. Mhadhiri wetu hakuwahi kumtishia mtu mbele yangu. Lakini mwanafunzi anayeogopa sapu hahitaji kutishiwa. Jumatatu yake watu wakaja mmoja mmoja kuomba majina yao yafutwe, kwa adabu sana, wengine wakituletea karanga.

Mhadhiri huyo aliniita ofisini. Nilimwamkia, nikakaa, nikiwa nimejiandaa kwa vita. Akaanza na maswali mawili. La kwanza, jana usiku nilikula nini. Nilikuwa nimekula chipsi kuku. La pili lilikuwa gumu zaidi, na hakujua ni gumu kiasi gani kwangu: aliuliza kama nyumbani kwetu kuna mgonjwa wa kisukari. Bibi yangu, Tanga, alikuwa akijichoma insulini kila asubuhi kabla ya chai. Insulini hiyo ilianza kufahamika Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1921, Banting na Best walipowatoa mbwa kongosho, kisha wakawadunga majimaji ya kongosho za mbwa wengine. Mwezi Januari 1922 akadungwa binadamu wa kwanza, mvulana aliyekuwa anakufa. "Ungewaambia nini wale mbwa?" akaniuliza. Sikuwa na jibu. Niseme ukweli, kwa mbwa wa Toronto sina jibu hadi leo, na nimejifunza kuwakwepa wanaolipata haraka, wa pande zote mbili.

Lakini nilipotoka pale nikaenda maktaba kusoma juu ya mwaka 1921, na maktaba ikanipa kitu ambacho ofisi haikunipa. Mwaka ule ule, huko Graz, Austria, Otto Loewi alifanya jaribio la mioyo miwili ya vyura. Inasimuliwa kwamba aliliota usiku, akaandika kwenye kikaratasi, asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake mwenyewe. Usiku uliofuata ndoto ikarudi, na safari hii hakuandika, alikwenda moja kwa moja maabara. Alisisimua neva ya moyo wa kwanza mpaka ukapunguza mwendo, akayachukua maji yaliyouosha, akayatia kwenye moyo wa pili. Nao ukapunguza mwendo. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba neva husema na moyo kwa kemikali, na kemikali hiyo baadaye ikatambuliwa kuwa asetilikolini. Mwaka 1936 Loewi alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Henry Dale.

Yaani zoezi letu! Wale vyura wa Graz walijibu swali ambalo hakuna binadamu aliyekuwa na jibu lake. Vyura wetu walijibu swali ambalo jibu lake lilikuwa ukurasa wa pili wa mwongozo, na hata hilo hatukulisikiliza, tulinakili. Hapo ndipo nilipopata kitu cha kumwambia mhadhiri wetu bila kumgusa bibi yangu. Wala sikuwa wa kwanza kuwaza hivyo: Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliandika kitabu mwaka 1959 wakawataka watafiti watafute mbadala wa mnyama pale unapopatikana, wapunguze idadi pale usipopatikana, na waboreshe njia ili maumivu yapungue.

Jina la Dale nililikuta tena wiki hiyo hiyo, mahali nisipolitarajia. Mwaka 1903, wanawake wawili wa Kiswidi, Lizzy Lind af Hageby na Leisa Schartau, walikuwa wanafunzi London na wakawa wanahudhuria mihadhara ya fiziolojia yenye wanyama hai. Hawakupiga kelele. Waliandika shajara. Februari mwaka huo, pale University College, walimwona mbwa wa kahawia akipasuliwa mbele ya darasa, wakaona na kovu la kupasuliwa kabla, jambo lililogusa sheria ya 1876 kuhusu kumrudia mnyama yule yule. Shajara ilipotangazwa, mhadhiri William Bayliss alimshtaki kwa kashfa mwanaharakati aliyeisoma hadharani, akashinda, akalipwa fidia ya pauni 2,000. Wapinzani wakajenga sanamu ya mbwa huyo Battersea mwaka 1906. Wanafunzi wa udaktari wakafanya ghasia wakitaka ivunjwe, ikawekewa polisi wa kuilinda, na mwaka 1910 halmashauri ikaiondoa usiku. Mbwa mwenyewe alimalizwa kwa kisu na mwanafunzi mtafiti kijana aliyekuwa pale, Henry Dale, huyo huyo wa Nobel. Na aliyempasua mbwa huyo hapo awali, Ernest Starling, ndiye baadaye aliyetupa neno "homoni" tunaloandika kwenye mitihani. Sikujua nimchukie nani. Kilichonikaa ni ile shajara.

Basi tukaacha mabango, tukatafuta daftari.

Daftari alikuwa nalo mzee wa vizimba. Alikuwa fundi wa maabara aliyekaribia kustaafu, mtunzaji wa sungura na simbilisi kwenye banda nyuma ya jengo, na kwa miezi mitatu ya kampeni tulimpita bila kumwona isipokuwa kama adui. Siku ya kwanza tuliyomwendea tulimwamkia, akaitika, "Marahaba, wanangu. Leo mmekuja bila picha?" Kisha akatuonyesha kaunta buku lenye jalada lililotatuka. Safu nne kwa mwandiko wa shule ya zamani: walioletwa, waliokufa, waliotumika, waliobaki. Alikuwa ameliandika kwa miaka, na hakuna aliyewahi kumwomba alione.

Tulikaa naye jioni mbili, tukijumlisha. Safu iliyotutia ganzi ilikuwa ya pili. Vyura waliletwa na vijana wa mashambani, waliowakamata kwenye majaruba ya mpunga na kuwauza shilingi 200 kila mmoja. Waliletwa Ijumaa kwa ajili ya zoezi la Jumatatu. Mzee hakulipwa Jumamosi na Jumapili. Maji ya pipa walimohifadhiwa hayakubadilishwa, na Jumatatu nyingi aliopoa maiti kabla hatujafika. Wengi walikufa bila kuguswa na sindano ya mtu, na bila kufundisha mtu chochote. Ili wapatikane wa kutosha, waliagizwa wa ziada. Tulikuwa tunapigana na kisu, kumbe pipa lilikuwa linaua kimya kimya kila mwisho wa wiki.

Siku hiyo hiyo tulipanga zamu ya maji. Sisi watatu, baadaye saba, ndoo mbili kila Jumamosi na Jumapili. Kwenye barua zetu zote ushindi huo haumo. Mimi nauhesabu kuwa mkubwa kuliko mingine.

Dada wa Bukoba aliandika barua ya ukurasa mmoja na jedwali la mzee likiwa kiambatisho, kwa ruhusa yake na bila jina lake. Tulitaja Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, iliyokuwa mbichi wakati ule, inayomtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia. Tukaomba mambo ambayo mkuu wa idara angeweza kuyatia sahihi mezani pake: chura mmoja, apasuliwe na mhadhiri mwenye mkono mzuri, darasa lote litazame na mchoro ugawiwe kwa wote, na utumbo wa zoezi la dawa uchukuliwe machinjioni, wa mbuzi aliyekwisha chinjwa, badala ya sungura anayevunjwa shingo. Tuliongeza na programu ya kompyuta. Mkuu wa idara alisoma hadi hapo akainua macho: "Na umeme ukikatika?" Ulikuwa mwanzo wa 2011, mwaka wa mgawo, na hakuwa anatania. "Chura hahitaji umeme," akasema. Tukafuta programu ya kompyuta, tukaandika: karatasi. Mjumbe mmoja akauliza, je, ujuzi wa mikono? Nikasema mfamasia hatapasua chura maisha yake yote. (Nimefanya kazi dukani na hospitalini tangu nihitimu. Hakuna mgonjwa aliyewahi kuniletea chura.) Wakacheka. Watu wakicheka kikaoni, kura imeshaanza kugeuka.

Jibu lilikuja karibu na likizo ndefu: kuanzia mwaka wa masomo unaofuata, sungura hawatatumika tena kwenye mazoezi, na chura atakuwa mmoja kwa darasa. Tulinunua soda tukanywa kwenye kimbweta kile kile. Yule wa Pemba alitoa hotuba.

Tuliporudi kutoka likizo nilikwenda bandani na mfuko wa majani ya viazi. Vizimba vilikuwa vimeoshwa, milango wazi, jua linaingia mpaka ndani. Mzee alikuwa amekaa nje kwenye kigoda. Nikamwamkia, nikauliza sungura wako wapi.

"Wameliwa, binti."

Idara ilifanya hafla ya kufunga mwaka. Sungura walikuwa kumi na kitu, hawana kazi tena, hawana fungu la chakula, na wanakula kila siku. Mtu akauliza watafanywaje, hakuna aliyejibu, mwingine akasema kuna mchele. Sikuamini. Nikaanza kusema kwamba sisi tulipigania wanyama hawa, kwamba barua ilisema. Mzee akaniacha nimalize.

"Barua niliisoma," akasema. "Mlisema wasitumike. Hamkusema waende wapi."

Nilimuuliza juu ya yule mwenye sikio lililopasuka, niliyekuwa nikimlisha mimi. Akanyamaza kidogo. "Yule sikumwachia mtu," akasema. "Nilimchinja mwenyewe, kwa kisu kikali."

Nimelisimulia jambo hili mara nyingi, na wasikilizaji wangu wa pwani mara nyingi huniuliza kosa liko wapi: sungura ni kitoweo, na kuliwa ni bora kuliko kutupwa. Huenda. Mzee naye aliona hivyo. Kinachonisumbua ni kwamba katika miezi yote ile, kati ya watu watatu waliojiita watetezi, hakuna aliyewaza asubuhi ya siku ya pili baada ya ushindi. Tuliwapenda mpaka kwenye sahihi ya mkuu wa idara.

Mwaka 2014 nilisoma habari iliyonirudisha kwenye kile kigoda. Wanaharakati wa Uingereza, BUAV, walidai kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle walikuwa wakifanya majaribio Nairobi, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Nyani, kwa nyani waliokamatwa porini, kazi ambayo wasingeruhusiwa kuifanya kwao. Chuo kilijitetea kwamba taratibu zilifuatwa. Sikuwa nimekaa kuhukumu. Nilikuwa nawaza kampeni ndefu za Waingereza, zilizofanya iwe vigumu sana kumtumia nyani wa porini nchini mwao, na jinsi mlango ukifungwa London, mtu anaweza kukata tiketi ya ndege. Walisema wasitumike hapa. Kwingine mlango ulibaki wazi.

Nchini mwetu pia kuna mfano wa kinyume, na haumhusu mnyama wa majaribio. Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, akapewa nishani ya dhahabu na Waingereza mwaka 2020, akastaafu 2021, akafa Januari 2022 akiwa mzee wa ndizi na karanga. Panya anastaafu! Mtu aliketi mezani, kabla, akaandika bajeti ya karanga za panya asiyefanya kazi.

Siku hizi mimi ni mjumbe wa kamati ya maadili inayopitia maombi ya utafiti wa wanyama, kwenye taasisi nyingine. Wenzangu huanza na kurasa za mwanzo, kwenye malengo na hesabu. Mimi hufungua ya mwisho, penye kisanduku kinachouliza wanyama watafanywaje kazi ikiisha. Mara nyingi kiko wazi, au kimejazwa neno moja. Mwezi uliopita kijana mmoja aliomba sungura 12 kwa utafiti wa dawa ya kupaka, kazi safi, yenye swali ambalo jibu lake halimo kitabuni. Kisanduku hakikuwa na kitu. Nikamrudishia. Akarudisha ameandika: "Watatunzwa." Nikauliza na nani. Akaandika jina la fundi wa maabara, na kwamba atawapa chakula na maji kila siku ya kazi.

Nikamrudishia tena, na maneno mawili pembeni kwa penseli: "Na Jumapili?"